Augustino wa Hippo: kama hata kutaka ni neema, utashi wa mtu umebaki na kazi gani?

Mwanachuo_Theo

Habari zenu wadau. Naandaa andiko la chuo, naomba msaada kwa wanaomfahamu vizuri Augustino wa Hippo, yule askofu wa Afrika Kaskazini.

Vitabu vyake viwili vimenikwamisha. Katika De libero arbitrio (Juu ya utashi huru) anasema hakuna kitu kilicho mikononi mwetu kuliko utashi wetu wenyewe, na dhambi hutoka humo, si kwingine. Ukifungua De gratia et libero arbitrio (Juu ya neema na utashi huru), unamkuta anasema Mungu ndiye anayetufanya tutake. Mtu ni yule yule, somo ni lile lile, majibu mawili.

Maswali yangu:

1. Alibadilika kweli? Kama ndiyo, lini? Miongozo mingi ya masomo inasema ubishi wake na Pelagius, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kushika amri kwa nguvu zake, ndio uliomsukuma.
2. Kama kutaka kwenyewe ni zawadi, amri na maonyo ni ya nini?
3. Akili inaingia wapi? Au kwake ni "amini, usiulize"?

Ukiweka na fungu ili niende kuhakiki mwenyewe nitashukuru.

---

Mzee_wa_Karthago

Anza na tarehe, mkuu. Tarehe peke yake zinaangusha hilo la Pelagius.

De libero arbitrio ilianzwa Roma mwaka 388 hivi, mwaka mmoja baada ya Ambrosi kumbatiza Milano. Ikamalizikia Hippo, Augustino akiwa padre, karibu na mwaka 395. Adui aliyekuwa mbele yake ni wafuasi wa dini iliyoanzishwa na Mani, watu aliokuwa ameandamana nao kwa takriban miaka tisa. Hao walifundisha kwamba uovu ni kitu chenye asili yake, giza lililochanganyika ndani yetu, kwa hiyo anayetenda dhambi ni lile giza. Swali la kitabu basi ni "uovu watoka wapi?" na jibu ni utashi unaoliacha jema kubwa na kuligeukia dogo. Ukipigana na watu wa namna hiyo, lazima utashi uuweke mbele kabisa. Na hata humo hauweki juu sana: katika 2.19.50 (kitabu, sura, fungu) anauita jema la kati. Fadhila huwezi kuzitumia vibaya. Utashi unaweza kutumika vizuri au vibaya.

Miaka ya 394 na 395 akaanza kuichambua Barua kwa Warumi. Hapo alishika njia inayowavutia wengi mpaka leo: kuamini ni kwetu, kutenda mema ni kwa Mungu. Mungu alimchagua Yakobo, si Esau, kwa kuwa aliiona imani yake kabla haijatokea.

Badiliko lenyewe liko katika majibu aliyompelekea Simplicianus wa Milano, mwaka 396 au 397, akiwa ndiyo kwanza ameingia uaskofu. Soma swali la pili la kitabu cha kwanza, juu ya Warumi 9. Usitafute muhtasari, soma lenyewe, maana anafikiri kwa sauti na unaona kila mlango anavyoufunga. Yakobo alichaguliwa kwa matendo? Hapana, hakuwa amezaliwa. Kwa matendo ambayo Mungu aliyaona kabla? Hapana, kwa maana Paulo angesema hivyo, naye amesema "si kwa matendo". Kwa imani iliyoonwa kabla, basi? Hapa ndipo anajibana mwenyewe: kama Mungu anaweza kuiona imani kabla, anaweza kuyaona matendo kabla vilevile, na tumerudi pale pale. Kinachobaki ni kwamba imani nayo imetolewa. Nguzo ya hoja ni 1 Wakorintho 4:7, "nawe una nini usichokipokea?"

Mwishoni mwa maisha yake, katika Retractationes (2.1), alimozipitia upya kazi zake, anakisimulia kitabu hicho kwa sentensi moja: alihangaika kuutetea uhuru wa utashi wa mwanadamu, lakini neema ya Mungu ikashinda.

Sasa linganisha. Roma ilitekwa mwaka 410, Pelagius akapita Afrika kwenda Palestina. Caelestius, mwenzake, alihukumiwa Karthago mwaka 411 au mapema 412. Hayo yote ni zaidi ya miaka kumi baada ya majibu kwa Simplicianus. Aliyeanza kukerwa ni Pelagius. Alisikia Roma askofu mmoja akinukuu sala iliyo katika Maungamo, masimulizi ya Augustino juu ya maisha yake, kitabu cha 10, "toa unachoamuru, na uamuru unachotaka", akashindwa kuvumilia. Augustino mwenyewe anaeleza hilo katika De dono perseverantiae 20.53.

Kwa hiyo ukiandika kwamba Pelagius ndiye aliyembadilisha, umegeuza mambo juu chini. Alichofanya Pelagius ni kumlazimisha aseme waziwazi mambo ambayo bila yeye yangebaki pembeni: ubatizo wa watoto wachanga, dhambi ya asili, na kudumu hadi mwisho.

---

Fungu_kwa_Fungu

Tarehe za Mzee ziko sawa. Ila Mwanachuo, usiandike "alibadilika" kana kwamba aliamka asubuhi moja akaukana utashi. Kuna vifungu viwili ndani ya De libero arbitrio vinavyorukwa na karibu kila mtu.

Cha kwanza, 2.20.54: mwanadamu alianguka kwa utashi wake, lakini hawezi kuinuka kwa utashi wake vilevile. Ameliandika kabla Pelagius hajajulikana. Cha pili, 3.25.74: utashi hausogei mpaka kitu kiugonge, na kukipokea au kukikataa kitu hicho ni juu yako, ila kitakachokugonga hakiko chini ya mamlaka yako. Shikilia kifungu hiki. Majibu kwa Simplicianus (1.2.21-22) yanaanzia papo hapo: kama utashi huvutwa na kinachoupendeza, na hakuna mtu anayeweza kujiamuru apendezwe na jambo fulani, basi ule mvuto wa kwanza kuelekea kwa Mungu umetoka wapi? Msingi ni ule ule. Ila safari hii ameufuata mpaka mwisho.

Pelagius naye alikinukuu kitabu hicho ili kumziba mdomo, kifungu cha 3.18.50: kama sababu inayousukuma utashi haiwezi kupingwa, kuikubali si dhambi. Jibu la Augustino liko katika De natura et gratia (mwaka 415), 67.80 na kuendelea, halafu tena katika Retractationes 1.9. Hasemi "nilikosea". Anasema: soma kurasa zinazofuata, hapo nimezungumzia ujinga na ugumu kama adhabu tuliyozaliwa nayo. Wengine wataona anajitetea, lakini kurasa hizo zipo kweli, nenda kaangalie 3.18.52.

Kosa kubwa zaidi, na hapa ndipo andiko lako linaweza kuzama, ni kuchanganya vitu viwili ambavyo yeye anavitenga: liberum arbitrium na libertas. La kwanza ni uwezo wa kuamua, wa kutaka jambo bila kusukumwa na mkono wa mtu. Huo haukupotea kwa dhambi ya Adamu. Anayetenda dhambi anaitenda kwa kutaka. La pili ni uhuru wenyewe, yaani kulitaka jema na kulifurahia. Huo ndio uliopotea. Katika Enchiridion 30 anatoa mfano wa mtu anayejiua: ili ajiue lazima awe hai, lakini akishajiua hana uwezo wa kujirudishia uhai. Ukiandika "utashi huru umekufa kwa mujibu wa Augustino" bila kutenganisha haya mawili, msimamizi wako atakurudishia karatasi.

Ukitaka kuuona utashi mgonjwa kwa karibu, nenda Maungamo 8.9.21. Nafsi inauamuru mkono usogee, nao unasogea, tena upesi kiasi kwamba amri na utii havitenganishiki. Nafsi inajiamuru yenyewe itake, wala si kitu kingine bali ni yenyewe, na haitii. Kwa nini? Kwa sababu haitaki kwa ukamilifu. Ingetaka kwa ukamilifu isingejiamuru, ingekuwa tayari imetaka. Angalia kwamba hasemi kuna nafsi mbili ndani ya mtu, hiyo ilikuwa hoja ya wafuasi wa Mani na anaipinga palepale (8.10). Ni utashi mmoja uliopasuka.

Ndiyo maana neema kwake haimsukumi mtu kwa nyuma. Inaponya kule kutaka. Katika mahubiri yake juu ya Yohana (26.4-5), akieleza "hakuna mtu awezaye kuja kwangu asipovutwa na Baba", anasema: mwonyeshe kondoo tawi bichi, umemvuta, mwonyeshe mtoto njugu, amevutwa. Hakuna kamba. Anakuja kwa sababu anapenda.

---

Mwanachuo_Theo

Asanteni sana, hili la tarehe sikuliona popote kwenye mwongozo wetu. Ila swali la pili bado linanisumbua. Kama Mungu ndiye anayeponya kutaka, kiongozi anamkemea mtu kwa msingi gani? Si angemwombea tu akanyamaza?

---

Mzee_wa_Karthago

Swali lako limeshaulizwa, tena karibu kwa maneno hayo hayo, na wamonaki wa Hadrumetum (Sousse ya leo, Tunisia).

Ilikuwa hivi. Mmonaki aitwaye Florus alikuwa Uzalis, akaikuta barua ndefu ya Augustino kwa Sixtus, padre wa Roma ambaye baadaye alikuwa Papa. Ni barua namba 194, ya mwaka 418. Akainakili, na mwenzake Felix akaipeleka monasterini kwao. Huko ikawasha moto. Baadhi wakasema: kumbe hiari haipo, na siku ya hukumu Mungu hatampa kila mtu sawasawa na matendo yake. Abati Valentinus akaomba ufafanuzi, kwanza kwa Evodius, askofu wa Uzalis (ndiye yule anayejibizana na Augustino katika De libero arbitrio!), halafu wamonaki Cresconius na Felix wakafunga safari mpaka Hippo.

Matokeo ni De gratia et libero arbitrio, mwaka 426 au 427. Namna anavyoijenga hoja ni rahisi kuifuata. Kwanza anarundika maandiko yenye amri: usitende hiki, tenda kile. Amri haina maana kwa asiye na hiari, basi hiari ipo. Kisha anaonyesha kwamba kile kile kinachoamriwa kinaombwa. Wapinzani walipenda kutaja Zekaria 1:3, "nirudieni mimi". Yeye anaweka pembeni yake Zaburi ya 80: "Ee Mungu wa majeshi, uturudishe" (5.10). Amri na ombi, juu ya jambo moja.

Fungu la kukariri ni 17.33: ili tutake, Mungu hutenda pasipo sisi; tukishataka, na kutaka kwa kiasi cha kutenda, hutenda pamoja nasi. Hapo ndipo zilipochimbuka zile istilahi za shule za baadaye, neema inayotenda na neema inayoshirikiana. Liweke pamoja na Wafilipi 2:13, kwa sababu yeye mwenyewe anaulizia na kujibia humo.

Lakini kitabu hakikutosha. Habari ikamfikia kwamba kuna aliyetoa hitimisho kule kule: basi mtu asikemewe akivunja amri, aombewe tu. Ndiyo swali lako, Mwanachuo. Jibu lake ni kitabu cha pili, De correptione et gratia. Hoja zake kwa ufupi: Mitume walifanya yote matatu, waliamuru, walikemea, waliomba (3.5), hakuna ruhusa ya kuchagua moja. Pili, ubaya wako ni wako hata kama kupona si kwako, kwa hiyo anayesema "usinikemee" ndiye hasa wa kukemewa (5.7). Tatu, maumivu ya kukemewa ni chombo. Mungu huyatumia kumfanya mtu aanze kutaka kuomba. Na kwa kuwa hatujui nani ameteuliwa na nani hapana, kemeo linapelekwa kwa wote kwa upendo, bila kubagua.

Humo humo, 12.33, ndimo anamotofautisha Adamu na waliokombolewa: Adamu aliweza kutotenda dhambi; watakatifu katika utukufu hawataweza kutenda dhambi. Uhuru wa pili ndio mkubwa. Hapa wanafunzi wengi hukwama, maana tumezoea kuupima uhuru kwa wingi wa njia zilizo wazi. Yeye anaupima kwa uimara wa kulipenda jema.

---

Ratio_na_Imani

Nitachukua swali la tatu, naona limeachwa.

"Amini, usiulize" si Augustino hata kidogo. Consentius aliwahi kumwandikia akisema kweli ya Mungu ishikwe kwa imani kuliko kwa akili. Augustino akamsahihisha (barua namba 120, karibu mwaka 410): hasha, Mungu hawezi kukichukia ndani yetu kile ambacho kwacho alitufanya bora kuliko wanyama. Tena tusingeweza hata kuamini kama tusingekuwa na nafsi zenye akili. Na katika 3.13 anamwambia aupende sana ufahamu.

Kanuni yake ni ya hatua, imo tayari katika De ordine (2.9.26), mwaka 386: kwa wakati, mamlaka hutangulia, kwa uzito wa jambo lenyewe, akili hutangulia. Unaanza kwa kumsadiki mwalimu, lakini mwisho wa safari ni kuelewa. De utilitate credendi (391) inaonyesha kwamba hata nje ya dini tunaishi hivyo: hakuna anayewaheshimu wazazi wake baada ya kuthibitisha kwanza kwamba ndio waliomzaa. Alimwandikia rafiki yake Honoratus, aliyebaki kwa Mani akivutwa na ahadi kwamba hataambiwa aamini chochote kabla ya kuelezwa kwa akili.

Kitabu cha 2 cha De libero arbitrio ndicho kazi yenyewe ya akili. Evodius tayari anaamini Mungu yupo, anataka kuelewa. Augustino anampandisha ngazi: kuwepo, kuishi, kufahamu. Hisi za nje, hisi ya ndani inayozihukumu, akili inayoihukumu hiyo. Halafu namba: 7 na 3 ni 10, si leo tu bali daima (2.8.21), na akili hailihukumu hilo, inalikuta. Kwa hiyo kuna kitu juu ya akili. Hakuna aya ya Biblia inayobeba hoja hiyo, japo anazitaja njiani.

Sasa unganisha na neema, maana ndipo andiko lako litakapokuwa na uti wa mgongo. Fungu_kwa_Fungu ametaja ujinga na ugumu. Hayo ni majeraha mawili. Ujinga umeipata akili, ugumu umeupata utashi. Katika De peccatorum meritis 2.17.26 anasema watu hawataki kutenda haki kwa sababu mbili: ama hawaoni kwamba ni haki, ama haiwapendezi. Neema inatibu yote mawili: kilichofichika kijulikane, kisichopendeza kipendeze. Walioandika kwamba neema ya Augustino ni ya utashi tu wamesoma nusu.

Fungu linaloyafunga yote matatu pamoja ni De praedestinatione sanctorum 2.5, mwaka 428 au 429. Kuamini, asema, ni kufikiri pamoja na kukubali. Hakuna anayeamini jambo bila kulifikiria kwanza, hata kama wazo limepita upesi sana. Kisha analeta 2 Wakorintho 3:5: hatutoshi sisi wenyewe kufikiri neno lolote kwamba ni letu wenyewe. Hesabu inakuja yenyewe. Kama kuamini kunahitaji kufikiri, na hata kufikiri hatutoshi kwa nguvu zetu, basi mwanzo wa imani ni wa Mungu. Akili haikufukuzwa, imo ndani ya tendo la imani kama sehemu yake, nayo inahitaji neema kama utashi unavyohitaji.

---

Jirani_wa_Marseille

Mmemjengea nyumba nzuri, lakini kuna chumba kinavuja na nyote mmepita kimya.

Kama mvuto wa kwanza unatoka kwa Mungu, na Mungu anajua ni wito upi utamfaa kila mtu (hiyo ni Simplicianus 1.2.13), kwa nini Esau hakuitwa kwa namna itakayomfaa? Augustino hana jibu zaidi ya Warumi 11:33, hukumu zake hazichunguziki. Wamonaki wa kusini mwa Gaul (Ufaransa ya leo) waliliona. Prosper na Hilary, waliomuunga mkono Augustino huko, walimwandikia kumweleza malalamiko yao, na Yohane Kasiano, mmoja wa wamonaki hao, katika Maongezi yake, la 13, anasema wakati mwingine Mungu huanza, wakati mwingine huikuta cheche ya nia njema na kuipuliza. Hao hawakuwa wafuasi wa Pelagius. Waliogopa kwamba mtu akiambiwa kila kitu kimekwisha kuamuliwa, atakaa tu.

Na usisahau watoto wachanga wanaokufa bila ubatizo. Kwa hoja yake wanahukumiwa, ingawa katika Enchiridion 93 anasema adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Hakuna utashi wao wowote unaohusika hapo.

---

Fungu_kwa_Fungu

Jirani, kuhusu watoto nakubaliana nawe, hiyo ndiyo sehemu ngumu kuitetea, na Julianus wa Eclanum, askofu wa upande wa Pelagius, alimpiga hapo mpaka Augustino anafariki mwaka 430 akiwa bado anamjibu.

Kuhusu Kasiano, Augustino angekuuliza: hiyo cheche imetoka wapi? Ukisema ni yako, umerudi kabla ya mwaka 396. Ukisema imetolewa, mmekubaliana. Ndiyo sababu mtaguso (kikao cha maaskofu) wa Orange, huko Gaul, mwaka 529, chini ya Caesarius wa Arles, ulimfuata Augustino juu ya mwanzo wa imani, kwamba ni wa neema. Lakini mtaguso huo huo ukakataa katakata kwamba kuna watu ambao Mungu amewaandikia uovu. Kwa swali lako la Esau haukutoa kitu.

Mwanachuo, usijaribu kulimaliza hilo kwenye andiko lako. Litaje, onyesha anaishia wapi, endelea.

---

Mwanachuo_Theo

Nimewaelewa. Nafikiria kufungua andiko na De praedestinatione sanctorum 2.5, halafu nirudi nyuma hadi De libero arbitrio, badala ya kwenda kwa mpangilio wa miaka. Itakubalika?

---

Ratio_na_Imani

Itakubalika, ila ukimaliza 2.5 usiruke moja kwa moja hadi 388. Pitia kwanza 3.7 na 4.8 za kitabu hicho hicho. Hapo anakiri kwamba alipofafanua Warumi alidhani imani ni yetu wenyewe, na anaeleza jinsi Paulo alivyomtoa huko, kwa 1 Wakorintho 4:7. Ukianza hapo, hata hilo la lini alibadilika utakuwa umelijibu kwa maneno yake.

---

Mzee_wa_Karthago

Nyongeza: tumia namba kamili za kitabu, sura na fungu, mfano 2.20.54. Baadhi ya matoleo huweka sura tu, mengine fungu tu, na msahihishaji akifungua toleo tofauti na lako hataona ulichonukuu. Kwa Retractationes ni kitabu na sura tu, na namba za sura hutofautiana kati ya matoleo, kwa hiyo taja pia jina la kazi inayojadiliwa.